Kiunzi cha Seli: Istilahi Moja na Somo la Floridi

Ndani ya kila seli ya mwili wa mtu iliyo hai mna mtandao wa nyuzi za protini na vineli, yaani mirija midogo ya protini. Mtandao huo ndio unaoipa seli umbo lake, ndio unaoiwezesha kusogea na kugawanyika, na ndio njia ambayo mizigo ya seli hupitia kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Wanabiolojia duniani huuita saitoskeletoni. Makala haya yanapendekeza kwamba kwa Kiswahili uitwe kiunzi cha seli, na yanaeleza kwa nini jina linalomjia mfasiri haraka, yaani mifupa ya seli, linafaa kuachwa kabisa.

Hoja yangu kubwa naitoa kwenye floridi, ambayo wengi huitamka floraidi. Floridi hugusa mifupa na meno, na hugusa pia mtandao huu wa ndani ya seli, lakini kwa njia mbili zisizofanana. Tukiviita vitu hivi viwili kwa jina moja, msomaji atadhani ni jambo moja, na akishadhani hivyo hataelewa lolote kati ya hayo mawili.

Tuanze na jina la kigeni. Saitoskeletoni imeunganishwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: kytos, ambalo ni chombo chenye uwazi ndani, na skeletos, yaani kitu kilichokauka. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwaka 1903, mwanabiolojia wa Urusi Nikolai Koltsov alitoa wazo kwamba seli hulinda umbo lake kwa mtandao uliomo ndani yake. Mwaka 1931 Paul Wintrebert akalitumia jina hilo kwa Kifaransa. Wakati huo mtandao wenyewe ulikuwa haujaonekana vizuri, kwani nyuzi zake ni nyembamba mno kwa hadubini ya mwanga. Ilibidi kusubiri hadubini ya elektroni, na mwaka 1963 Myron Ledbetter na Keith Porter wakachapisha picha za vineli hivyo katika seli za mimea. Jina lilitangulia, kitu kikaonekana baadaye. Ndiyo maana sehemu ya pili ya jina, ile yenye maana ya kukauka, haikulingana na kilichoonekana: mtandao huu haukukauka hata kidogo.

Sehemu ya kwanza, chombo, inatufaa sana sisi watu wa pwani. Wambaa, katika wilaya ya Mkoani huko Pemba, chombo ni mashua, ni dau, ni ngalawa, ni jahazi. Fundi anayeunda mashua hulaza mkuku, akapandisha mbao za ubavuni, akatia mataruma yaliyokatwa katika miti iliyojipinda yenyewe, kisha akaziba nafasi kwa kalafati. Mkuku na mataruma ndiyo kiunzi cha mashua hiyo. Mbao zikioza hubadilishwa, lakini kiunzi kikivunjika chombo hupoteza umbo. Neno lenyewe limetoka kwenye kitenzi kuunda, kwa kanuni ileile inayotupa mpenzi kutoka penda na mlinzi kutoka linda. Kwa hiyo kiunzi ni kitu kilichoundwa, na sikio la Mswahili linasikia kazi ya fundi ndani yake.

Mfano wa mashua una mpaka wake. Taruma likishapigiliwa hukaa miaka. Kiunzi cha seli huundwa na kufumuliwa muda wote, na baadhi ya vineli huongezeka na kufumuka ndani ya dakika chache. Tukiujua mpaka huo, mfano umemaliza kazi yake, na sasa tuitazame seli yenyewe.

Kiunzi cha seli kina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Aktini ni protini iliyotambuliwa na Brunó Straub nchini Hungaria, naye aliitoa kwenye misuli mwaka 1942. Nyuzi hizi hujaa karibu na utando wa nje wa seli, na ndizo zinazoivuta seli inapotambaa na kuibana katikati inapogawanyika. Sehemu ya pili ni vineli, mirija iliyo wazi ndani yenye upana wa nanomita 25, ambayo kuta zake kwa kawaida huwa na safu 13 za protini iitwayo tubulini. Vineli ndivyo vinavyozitenganisha kromosomu seli inapogawanyika, na ndivyo vilivyo ndani ya mkia wa mbegu ya kiume. Sehemu ya tatu ni nyuzi za kati, zinazoitwa hivyo kwa sababu unene wake, nanomita 10 hivi, uko kati ya aktini na vineli. Keratini ya ngozi, nywele na kucha ni ya kundi hili.

Aktini na tubulini zina tabia moja ambayo ndiyo kiini cha habari ya floridi. Punje ya aktini inapojiunga na uzi huja imebeba molekuli ya ATP, ambayo ina fosfeti tatu zilizofuatana. Ikishaingia kwenye uzi, fosfeti ya mwisho hukatika na baadaye huondoka. Uzi uliopoteza fosfeti hizo hulegea na huwa tayari kufumuliwa. Tubulini hufanya vivyo hivyo kwa kutumia GTP, molekuli inayofanana na ATP. Kwa maneno mengine, fosfeti ile ya mwisho ndiyo inayopima umri wa kila kipande cha kiunzi: ikiwepo, kipande ni kipya na imara, ikitoka, kipande kimezeeka na kinaweza kuondolewa. Hivyo ndivyo seli inavyojua pa kujenga na pa kubomoa.

Sasa floridi inaingia. Peke yake, ioni ya floridi ni ndogo tu yenye chaji hasi. Lakini ikikutana na aluminiamu au beriliamu, hata kwa kiasi kidogo mno, hushikana nayo na kufanya kiambatani chenye umbo na ukubwa unaokaribiana sana na wa fosfeti. Nchini Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1980, Marie-France Carlier na Christophe Combeau walionyesha kwamba viambatani hivyo hukaa kwenye nyuzi za aktini na kwenye vineli mahali palepale ilipokuwa fosfeti iliyoondoka. Matokeo yake ni kwamba uzi uliozeeka unakuwa na sifa za uzi mpya: unakaza, na kufumuka kwake kunachelewa.

Tuone uzito wa jambo hilo. Mtu akisikia kwamba floridi inaathiri kiunzi, atatarajia kusikia kwamba inakivunja. Katika jaribio hili imekiimarisha, na hayo ndiyo madhara yake. Seli inayoshindwa kufumua kiunzi chake kwa wakati hushindwa pia kujisogeza, kubadilisha umbo na kupitisha mizigo inavyopaswa.

Njia ya pili ya floridi kukifikia kiunzi ni ya mzunguko zaidi, na inaanzia kwenye fumbo la maabara. Tangu miaka ya 1950 wanasayansi walijua kwamba floridi huamsha kimeng'enya kimoja cha seli kinachoshughulikia ishara za homoni, ila hawakujua inakiamshaje. Mwaka 1982 Paul Sternweis na Alfred Gilman, Marekani, waligundua kwamba floridi ilihitaji msaidizi, naye ni aluminiamu. Hakuna aliyekuwa ameitia kwa makusudi. Ilikuwa imeingia kama uchafu mdogo ndani ya kemikali zilizotumika na kutoka kwenye kioo cha neli za maabara. Viambatani vya floridi na aluminiamu vilikuwa vinaamsha protini ziitwazo protini G, ambazo hupokea ishara kutoka nje ya seli na kuzipeleka ndani. Kwa kazi ya protini hizo Gilman na Martin Rodbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

Protini G zina jamaa zake wadogo, na mmoja wao huitwa Rho. Mwaka 1992 Anne Ridley na Alan Hall, London, walionyesha kwamba Rho ikiamka, nyuzi za aktini hujikusanya na kuwa mafungu manene yaliyovutika kutoka ukingo hadi ukingo wa seli. Baadhi ya protini G huiamsha Rho. Hivyo floridi inaweza kuifikia aktini bila hata kuigusa: inatoa ishara ambayo mwili haukuituma, na seli inaitii kwa kujenga kiunzi ambacho haikukihitaji.

Je, hayo yanatokea katika seli za kweli zinazomhusu mtu wa kawaida? Tuzitazame seli zinazojenga enameli, gamba gumu la jino. Kila moja ni ndefu na nyembamba, imesimama wima pamoja na wenzake katika safu, na ina mikanda ya aktini kwenye ncha zake mbili. Hutema protini za enameli upande mmoja huku ikirudi nyuma kidogo kidogo, na njia inayoiacha ndiyo inayokuwa enameli. Kazi yote hiyo, kusimama, kutema na kurudi nyuma, inategemea kiunzi chake. Mwaka 2005 kikundi cha watafiti nchini Marekani, akiwemo Carolyn Gibson, kilichapisha matokeo ya kutia floridi ya sodiamu kwenye meno machanga ya panya yaliyokuzwa maabara. Nyuzi za aktini katika seli za enameli ziliongezeka, na njia ya Rho ilihusika.

Kwa hiyo madoa ya kahawia kwenye meno ya mtoto aliyekulia Meru, mkoani Arusha, ambako maji yana floridi nyingi, yanaanzia kwenye seli iliyosumbuliwa kabla jino halijatoka kwenye ufizi. Kiunzi ni sehemu tu ya maelezo. Inajulikana pia kwamba floridi nyingi huchelewesha kuondolewa kwa protini ambazo zingepaswa kutoka ili enameli ikomae na kuwa ngumu. Lakini yote mawili ni mambo ya seli. Ndiyo sababu mtu mzima akihamia Arusha meno yake hayapati madoa hayo: seli zake za enameli zilikwisha kufa siku nyingi.

Hapa lazima tupime viwango, maana habari za namna hii huzua hofu bure. Mtu anayekunywa maji yenye miligramu 1 ya floridi kwa lita huwa na takriban miligramu 0.02 kwa lita katika majimaji ya damu yake. Majaribio mengi ya seli hutumia kiwango cha milimoli 1 kwa lita au zaidi, ambacho ni miligramu 19 kwa lita, karibu mara 1,000 ya hicho cha damu. Jaribio hutuonyesha njia ambayo floridi inaweza kupita. Halituambii kwamba kila anayepiga mswaki kiunzi cha seli zake kimeharibika. Kwa kiasi kidogo, floridi huyakinga meno yasioze, na ndiyo maana hutiwa kwenye dawa ya meno.

Sasa twende kwenye mifupa. Katika Bonde la Ufa, hasa kuzunguka Mlima Meru, maji hupita kwenye miamba ya volkeno na kubeba floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuweka kiwango cha muda cha 8 katika miaka ya 1970, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Watoto waliokulia kwenye vyanzo vibaya zaidi wamepata matege na ulemavu wa viungo. Ngurdoto, mkoani Arusha, kuna kituo cha Wizara ya Maji kinachoshughulikia kuondoa floridi kwenye maji, na njia yake mojawapo ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kwa nini mifupa ikamate floridi? Kwa sababu mfupa, uwe wa mtu au wa ng'ombe, umejengwa kwa fuwele za kalsiamu na fosfeti, na floridi huingia ndani ya fuwele hizo na kukaa. Huko ni kurundikana kwa madini katika kitu kigumu, miaka nenda miaka rudi. Mkaa wa mifupa husafisha maji kwa tabia hiyohiyo.

Msomaji sasa aweke mambo mawili mbele yake. Katika mfupa, floridi huingia kwenye fuwele na kubaki. Katika kiunzi cha seli hamna fuwele wala kalsiamu iliyoganda. Mna protini laini zinazoundwa na kufumuliwa, na floridi huzivuruga kwa kujifanya fosfeti au kwa kuchokoza ishara. Andika sentensi kwamba floridi huathiri mifupa ya seli, na msomaji wa Kiswahili, aliyekwisha kusikia kuhusu matege ya Meru, ataelewa kwamba floridi inarundikana ndani ya vijifupa vilivyomo kwenye seli. Kila neno la sentensi ataliona ni la kawaida, na atakachokielewa ni uongo mtupu. Istilahi inayomwongoza msomaji kwenye kosa kwa urahisi namna hiyo haifai, hata kama kila sehemu yake imefasiriwa kwa usahihi.

Mtu wa Wambaa anaweza kuuliza haya ya Meru yanamhusu nini. Ardhi ya Pemba ni mchanga, udongo na mawe ya matumbawe, haina volkeno. Mawe ya matumbawe yana kalsiamu nyingi, nayo kalsiamu ikikutana na floridi ndani ya maji huifunga ikawa kitu kisichoyeyuka kwa urahisi. Bahari inayopiga pwani ya Wambaa ina floridi ya takriban miligramu 1.3 kwa lita, kama bahari zote, lakini hakuna anayeinywa. Floridi ya kuangaliwa huku visiwani ni ile inayosafiri na bidhaa. Magadi ni mfano mmoja. Tafiti za madaktari wa meno katika mikoa ya kaskazini zimeonyesha kwamba hata mahali penye maji mazuri, watoto walipata madoa kwa sababu vyakula vyao vilipikwa kwa magadi yenye floridi. Mfano mwingine ni dawa ya meno, ambayo kwa kawaida huwa na floridi miligramu 1,000 hadi 1,500 kwa kila kilo. Mtoto huimeza kwa sababu ni tamu. Madaktari wa meno hushauri kwamba aliye chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya mbaazi, na afundishwe kutema. Enameli ya meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, huundwa kabla ya mtoto kutimiza miaka 8 hivi. Uangalizi ni wa umri huo.

Mama au baba anayepewa shauri hilo ana haki ya kuelezwa sababu yake kwa lugha anayoizungumza, na hapo ndipo istilahi inapofanya kazi.

Tuyapime basi majina matatu. Mifupa ya seli limekwisha kujieleza. Saitoskeletoni lina faida: mwanafunzi anayesoma biolojia kwa Kiingereza katika sekondari atalitambua mara moja, na Kiswahili kimekopa mengi ya aina hiyo, yakiwemo seli na protini, bila madhara yoyote. Ila ni jina refu lisilomwambia kitu asiyelijua tayari, na halizai maneno mengine. Kiunzi kinazaa. Tunapata kuunda kiunzi, uundaji wake, kufumua na ufumuaji. Tunapata nyuzi za kiunzi na protini za kiunzi. Kiko katika ngeli ya KI-VI, kwa hiyo kiunzi cha seli moja na viunzi vya seli nyingi havimpi mwandishi taabu ya upatanisho.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba wapenzi wa riadha wanajua viunzi kuwa vile vizuizi vya kurukwa. Ni kweli, lakini neno seli likifuata hapo hapo, hakuna anayechanganya. La pili ni zito zaidi: vitabu vyetu vimekwisha kusema kiunzi cha mifupa kwa maana ya mifupa yote ya mwili ikiwa imepangika. Mimi naona hilo linakiunga mkono kiunzi. Katika msemo huo kiunzi ni mpangilio, na mifupa ni mali ghafi yake. Mwili una kiunzi cha mifupa, seli ina kiunzi cha protini. Kinachofanana kimepewa jina moja, na kinachotofautiana kimetajwa wazi. Floridi hurundikana katika kile cha kwanza na huvuruga uundaji wa kile cha pili: sentensi hiyo ni fupi, ni sahihi, na haihitaji tanbihi.

Kwa sehemu zake napendekeza nyuzi za aktini, nyuzi za kati na vineli. Neli tunayo tangu zamani katika maabara za shule, na vineli ni udogo wake. Aktini na tubulini zibaki kama zilivyo, kwani majina ya protini ni ya dunia nzima.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ilionyesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana na inadumu: usanisinuru linasikika hadi leo. Tangu wakati huo biolojia ya seli imekwenda mbali, na istilahi zake hazijapata mfanyakazi wa kutosha. Nawaomba BAKITA na BAKIZA, mabaraza ya Kiswahili ya Taifa na ya Zanzibar, walipime pendekezo hili, na nawaomba walimu wa sayansi wa Pemba wasisubiri: wakifika kwenye sura ya seli, waseme kiunzi cha seli, wakionyesha mkuku na mataruma ya chombo kilicho karibu, kisha waeleze pale mfano unapokoma. Mfasiri wa sayansi apime neno kwa kosa linaloweza kuzaliwa kichwani mwa msomaji. Kwa kipimo hicho, kiunzi cha seli ndilo jina linalofaa.